Sikio la Chuma: Ditekta, Rupia ya Mjerumani na Udongo wa Hanang

Ni nadra kuukuta mji wa Tanzania Bara wenye boma la Mjerumani usiokuwa na hadithi ya mali iliyofukiwa. Husemwa kwamba Mjerumani, alipoona vita vimemwelemea, alichimbisha shimo usiku, akatia humo sanduku la dhahabu, akapanda mti au akachonga alama juu ya jiwe, kisha akaenda zake kwa nia ya kurudi. Wapagazi waliolichimba shimo hilo, hadithi huongeza, waliuawa papo hapo ili siri isitoke. Jambo linalozua swali la nani basi aliyeitoa. Lakini hadithi ya namna hii haihitaji shahidi. Imetembea kwa miguu yake kutoka kizazi hadi kizazi, na kwa sababu yake kuta za maboma zimetobolewa, sakafu za nyumba kongwe zimebanduliwa, na nguzo za saruji walizoziweka wapima ardhi zimeng'olewa kwa kudhaniwa kuwa ni alama za Mjerumani.

Zamani mtafutaji alikwenda na jembe na mganga. Siku hizi huja na mashine. Wachimbaji wadogo huiita ditekta, au mashine ya kupimia dhahabu tu, na bei yake, iwapo ni ya aina nzuri, hushinda thamani ya zizi zima la ng'ombe. Mashine hiyo ikishafika katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hukutwa na jambo ambalo mwuzaji wa dukani pengine hakulitaja: hulia kila mahali. Hulia juu ya jiwe, juu ya njia ya ng'ombe, juu ya kichuguu. Mtu huchimba, hutokwa na jasho, na shimoni hamna kitu. Kuieleza sababu yake hapana budi kwanza kukitazama chombo chenyewe, maana kina historia yake, na historia hiyo tangu mwanzo ni ya sikio linalosikia kisichokusudiwa.

Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuijua risasi ilipolala mwilini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaunda haraka chombo cha koili na umeme ambacho kingetoa sauti kikikaribia metali. Majaribio yalifaulu. Kilipopitishwa juu ya mwili wa Rais kikatoa sauti isiyoeleweka, huku na huku, na hakikuonyesha chochote cha kutegemewa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kitanda alicholalia mgonjwa kilikuwa na springi za chuma. Na zaidi ya hayo, upande uliopimwa haukuwa ndio wenye risasi. Garfield akafariki Septemba ya mwaka ule ule. Hivyo chombo cha kwanza cha jinsi hii kilishindwa na kilichokuwa chini ya kitu kilichotafutwa, na tatizo hilo ndilo lile lile linalomkabili mtu aliyesimama leo kwenye miteremko ya Hanang, isipokuwa kitanda chake ni mlima.

Baadaye Gerhard Fischer, mhandisi aliyehama Ujerumani na kufanya makao Kalifornia, alikuwa akishughulika na vyombo vya kuongozea ndege kwa mawimbi ya redio. Aliarifiwa kwamba vyombo hivyo hukosea vikipita karibu na majengo ya chuma au ardhi yenye madini. Wengine wangeliona kosa. Yeye akaliona kuwa ni habari, akaligeuza kuwa mashine ya kutafutia metali iliyo ardhini. Baada ya hapo vita vikaikamilisha kazi. Katika majira ya baridi ya 1941 Józef Kosacki, afisa Mpoland aliyekuwa uhamishoni Skotlandi, alibuni kitambua-mabomu cha kushikwa mkononi, na mia tano ya hivyo vilitumika El Alamein mwaka 1942 kulisafishia njia jeshi la Uingereza. Mchanga wa jangwa la Misri ulikuwa mpole kwa chombo kile. Si kila udongo ulio mpole.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda mbali kuujua udongo mpole. Ni huu anaoukanyaga. Ardhi ya visiwa vyetu, kwa sehemu kubwa, ni mawe ya matumbawe na mchanga uliotokana nayo, yaani chokaa, ambayo ni karibu bubu mbele ya mashine. Pesa ya shaba iliyofukiwa humo husikika peke yake, kama adhana alfajiri. Shida ya pwani ni chumvi tu: mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, na mashine huudhania metali iliyotandazwa.

Hanang ni kinyume. Mlima huo, wenye urefu wa mita 3,417, ni volkano, na mawe yake ni lava na majivu yaliyojaa chembe za oksidi za chuma. Chembe nyeusi zishikazo sumaku, ambazo wachimbaji wa dhahabu wanazijua vizuri kwa kuwa hubaki mwisho katika karai la kuchekechea, zimetapakaa katika udongo wa tambarare zilizo chini yake. Nyanda za juu za Mbulu nako kuna udongo mwekundu, na wekundu huo ni kutu: chuma kilichooza kwa karne nyingi za mvua na jua. Juu ya hayo, chini ya mlima lipo ziwa la chumvi la Balangida, ambalo ukingo wake hukauka na kumetameta kiangazi. Kwa hiyo mtu anayetoka kilimani Mbulu akateremka hadi Balangida hukutana, ndani ya safari ya siku moja, na maadui wote wawili wa mashine yake, chuma na chumvi.

Ditekta ya kawaida hupeleka ardhini mawimbi ya masafa ya chini bila kukoma, na wakati huo huo husikiliza mwangwi wake. Metali hurudisha mwangwi kwa kuchelewa kidogo, kila aina kwa kadiri yake, na kwa kuchelewa huko mashine hubagua msumari na sarafu. Chembe za chuma za udongoni nazo hurudisha mwangwi. Ule mmoja wa chembe ni hafifu, lakini chini ya koili zimo chembe mamilioni, na jumla yao hushinda sauti ya sarafu moja kama kelele za soko zinavyomshinda mtu anayenong'ona. Dawa yake ni kuizoesha mashine udongo: mtu huinua na kuteremsha koili juu ya ardhi isiyo na kitu, akirekebisha mpaka inyamaze. Mashine isiyo na nafasi ya kurekebishwa hivyo kwa mkono, au isiyoweza kujirekebisha yenyewe hatua kwa hatua, haifai Hanang hata kidogo, na nyingi za bei nafuu ndivyo zilivyo. Udongo wa volkano haufanani hata ndani ya shamba moja. Hatua kumi mbele umeshabadilika, na kelele zimeanza upya.

Iko jinsi ya pili ya mashine, ambayo hutuma umeme kwa mapigo. Hupiga, hukata, kisha hutega sikio katika kimya kinachofuata. Metali huendelea kutoa mwangwi kwa muda mfupi mno baada ya pigo kukatwa, ilhali chembe kubwa za madini meusi hunyamaza mara moja. Kwa hiyo mashine ya mapigo hupenya ardhi ambayo ile ya kwanza imeshindwa. Ila nayo ina aibu zake mbili. Ya kwanza, haibagui vizuri chuma na metali nyingine. Mwenye nayo atachimbua kila msumari, kila kipande cha waya na kila kizibo cha soda kilichopata kuangushwa tangu barabara ilipofika Katesh. Ya pili ni ya siri zaidi. Katika udongo wa volkano na udongo mwekundu zimo pia chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa jicho, ambazo hazinyamazi mara moja bali huendelea kunong'ona, na mnong'ono wao hufanana na wa metali. Watengua mabomu wa Angola na Msumbiji wameteswa nazo sana. Ndiyo maana mashine za mapigo zilizo bora, ambazo ndizo ghali kupita zote, hupiga mapigo ya urefu mbalimbali na kulinganisha majibu, ili ziitoe sauti ya udongo katika hesabu.

Katika jambo hili la mabomu, Morogoro walichagua kuukwepa udongo badala ya kupambana nao. Shirika la APOPO, lenye makazi yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine, limefundisha panya buku kunusa baruti. Panya hajali chuma kilichomo udongoni, kwa kuwa hatafuti chuma. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kwa bahati mbaya, au njema, rupia haina harufu.

Basi mwenye kuulizwa mashine ipi inafaa kwa Mbulu na Hanang, jibu la haki ni kwamba aanze na sumaku. Sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu, ikafungwa uzi na kuburutwa hatua ishirini, itamwambia zaidi kuliko mwuzaji. Ikirudi na ndevu nene nyeusi, aachane na mashine ya masafa moja. Achukue ya mapigo iwezayo kusawazishwa na ardhi. Au, kama kuchimbua misumari kunamchosha, ile inayotumia masafa mengi kwa pamoja, na aridhike kwamba itasikia kwa kina kidogo. Koili iwe ndogo, kwa sababu koili kubwa hukumbatia udongo mwingi na kelele zake zote. Nguvu ipunguzwe badala ya kuongezwa. Wengi hufanya kinyume, wakidhani sikio likipaazwa litasikia sarafu, kumbe linasikia mlima.

Hadi hapa ni mambo ya ufundi, na fundi angeridhika. Swali la pili ni zito kuliko hilo: hata sikio likipatikana, katika ardhi hiyo kuna nini cha kusikia?

Mbulu na Hanang hazikuwa njia kuu ya misafara. Wapwani waliotoka Pangani na kupanda bara walikuwa na kituo chao Irangi, yaani Kondoa, ambako walijenga na kukaa. Kuelekea kaskazini-magharibi walipita pembeni mwa nchi ya Wairaqw na Wadatoga zaidi ya kupita ndani yake. Hata jina walilowapa Wadatoga walilikopa: Mang'ati, neno la Kimaasai lenye maana ya maadui, na hadi leo tambarare iliyo chini ya Hanang huitwa kwa tusi hilo bila ya wasemaji kujua. Bidhaa ya metali iliyoingia bara kwa njia hizo ilikuwa zaidi masango, yaani nyaya nene za shaba, yaliyokatwa na kukunjwa kuwa mapambo ya mikono na miguu. Mwaustria Oscar Baumann, aliyeondoka Tanga Januari 1892 na kuwa Mzungu wa kwanza kuziandikia habari Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi, alisafiri kwa nyaya, nguo na shanga kama walivyosafiri Waswahili waliomtangulia. Sarafu hazikuwa na soko huko.

Sarafu zilikuja na kodi. Rupia ya Wajerumani ilianza kutengenezwa mwaka 1890, ikagawika katika pesa 64 kama rupia ya Kihindi; tangu mwaka 1904 ikagawika katika heller 100. Heller hizo za shaba ndizo masalio ya kweli ya utawala ule ardhini, na huokotwa mashambani bila mashine yoyote mvua inapoosha udongo. Hazina thamani kubwa. Kinachosakwa ni kitu kingine, nacho ni rupia ya dhahabu ya Tabora.

Sarafu hii haikuzushwa na hadithi. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na meli za Uingereza na fedha kutoka Ulaya haziingii, Wajerumani walitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko Iramba, magharibi ya Hanang, wakapiga sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli karibu na Tabora. Upande mmoja tai, upande mwingine tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Ni sarafu nzuri. Yamkini ni nzuri kuliko zote zilizopata kupigwa katika ardhi ya Tanganyika. Lakini hesabu yake inajulikana. Zilipigwa 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kitu. Zote pamoja, kila moja iliyopata kuzaliwa, hazifiki kilo 120: mzigo wa wapagazi wanne. Kwa hadithi zinavyosimuliwa kutoka Moshi hadi Songea, kila boma lingekuwa na masanduku yake.

Kadhalika mkondo wa vita hauisaidii hadithi. Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yalitoka upande wa Arusha, yakapita Lolkisale na Ufiome, yakaitwaa Kondoa Irangi mwezi huo huo, mvua za masika zikiwa zimefungua. Wajerumani wa upande huo walirudi nyuma kusini. Mei ya mwaka ule Lettow-Vorbeck akajaribu kuirudisha Kondoa akashindwa. Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji mwezi Septemba. Yaani nchi ya Mbulu na Hanang ilikwisha kuwa nyuma ya vita wakati dhahabu ya Tabora ilipokuwa inaingia mikononi mwa watu. Kikosi pekee cha Wajerumani kilichorejea karibu na pande hizo ni kile cha Naumann, kilichozunguka nyuma ya adui mwaka 1917, kikaizingira Mkalama, kikafika mbali kaskazini, hatimaye kikajisalimisha mwanzoni mwa Oktoba. Hao walikuwa watu wa kukimbia usiku na kuiba chakula.

Iko na hoja moja zaidi, ambayo ingetosha peke yake. Jeshi linalodaiwa kufukia masanduku ya dhahabu lilikuwa, katika miezi ile ile, likichapisha noti kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Noti za rupia za mwaka 1917, ambazo wakusanyaji huziita noti za porini, zilipigwa kwa herufi za mpira kama mihuri ya watoto, juu ya karatasi duni iliyotengenezwa kwa majani. Mwenye dhahabu shimoni halipi askari wake kwa mihuri ya mpira.

Haya hayasemwi kwa kumdhihaki anayetafuta. Mtu aliyeuza ng'ombe akanunua mashine, au aliyechanga na wenziwe wanne kumlipia mwenye mashine, ameingia katika mchezo ambao umeandaliwa na wengine: wauza ramani, wauza sarafu za kughushi, wauza zebaki inayosemwa kuwa nyekundu na isiyokuwapo duniani. Faida iko kwao. Yeye hubaki na shimo.

Na shimo si kitu kidogo. Hapa ndipo penye jambo ambalo mwuzaji hana sababu ya kulieleza, na ambalo lingefaa kujulikana kuliko bei zote. Udongo wenye chuma ukichomwa na moto, chuma chake hubadilika na kushika sumaku kwa nguvu zaidi. Jiko la mafiga matatu lililowashwa miaka mingi mahali pamoja huacha chini yake bakuli la udongo lenye sauti kuliko udongo unaolizunguka. Nyumba iliyoungua huacha alama hiyo hiyo. Tanuri la mhunzi huacha kubwa zaidi. Waakiolojia wana vyombo vya kupimia sumaku ya ardhi kwa ajili hii hii, na huchora kwa hivyo ramani ya mji uliokufa kabla ya kugusa jembe. Kwa hiyo mashine inapolia Mbulu mahali pasipo na metali, wakati mwingine haikukosea. Imesikia jiko. Imesikia mahali ambapo Wairaqw wa kale, waliojenga nyumba zao nusu ndani ya mlima ili kuficha ng'ombe wasionwe na wavamizi, walikaa wakapika na kuota moto katika baridi ya nyanda za juu. Mchimbaji hulipasua bakuli lile la udongo mwekundu, hulichungulia, husema "hamna kitu", na huenda hatua tatu mbele. Mashine bora zaidi haitamlia kabisa mahali hapo. Imenunuliwa ili isisikie udongo.

Wapenzi wa ushairi watapata mfano wa karibu katika kisiwa cha Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, waakiolojia waliochimba pamoja na Mark Horton walikuta hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vifedha vidogo vilivyopigwa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka mbali. Dinari hizo ndizo zilizowawezesha kuitia hazina yote katika karne ya 11, kwa kuwa zilikuwa na miaka yake. Vifedha havikuwa na mwaka. Vilikuwa na vina. Sarafu za watawala wa pwani katika zama zile, na za Kilwa baada yake, huandikwa upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo huishia kwa sauti moja, kama mishororo miwili ya ubeti. Mtu alipoigeuza sarafu mkononi aliusoma ubeti kwa kuugeuza. Lau hazina ile ingelichimbuliwa usiku na mwenye ditekta, dhahabu ingeliuzwa kwa uzito, vifedha vingelitawanyika, na ule uhusiano wa dinari na vifedha, ambao ndio uliosema karne, ungelikatika kwa pigo moja la jembe. Vina vingesalia, lakini visingejua vimezaliwa lini.

Sarafu tano za Kilwa zilipata msiba wa jinsi hiyo. Ziliokotwa mwaka 1944 na askari Maurie Isenberg katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zikakaa katika kopo kwa miongo kadhaa. Ramani ya mkono ilisalia, lakini si udongo wake. Wataalamu waliofika huko mwaka 2013 hawakuweza kuonyesha zilifikaje, na sarafu zenyewe haziwezi kusema.

Hanang ina hazina ya namna nyingine, isiyo na metali wala vina. Wadatoga, na hasa Wabarabaig, humzika mzee mwenye heshima kwa ibada ndefu iitwayo bung'ed. Kwa muda wa miezi tisa hivi kaburi huinuliwa kwa udongo na miti hadi liwe kilima, na jamaa hukusanyika kutoka mbali kulikamilisha. Kisha huachwa. Mvua na miaka hulishusha, nyasi hulivika, na mpita njia asiye mwenyeji hataona ila kichuguu. Wenyeji wanajua ni nani, na kizazi baada ya kizazi hurudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tambarare za Basotu zilianza kulimwa ngano, kwa msaada wa Kanada na chini ya shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO. Mashamba saba, yakifikia ekari laki moja hivi, yalikaa juu ya malisho yaliyokuwa bora kuliko yote ya Wabarabaig. Matrekta yalipokwenda, yalikwenda juu ya makaburi pia. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Katika masika ya mashauri hayo yote walalamikaji hawakuchoka kuyataja makaburi. Kwa mwenye trekta kilikuwa kichuguu. Haielekei mwenye ditekta ataona zaidi, na udongo ulioinuliwa, mbele ya macho yaliyolishwa hadithi ya alama za Mjerumani, hufanana sana na alama.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inakataza kuchimba kutafuta masalio bila leseni. Lakini masalio, kwa maana ya sheria hiyo, ni vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, isipokuwa vile ambavyo Waziri atavitangaza. Heller na rupia zilikuja zaidi ya robo karne baadaye. Inashangaza kwamba milango ya kuchongwa imewekewa mwaka wake mwenyewe, 1940, wala si 1863. Watu wa pwani waliobahatika kuona milango ikisafirishwa kwa majahazi na makontena wataelewa kwa nini. Mabaki ya Mjerumani hayakupata mlinzi wa namna hiyo, na kaburi lililofunikwa nyasi miaka themanini iliyopita halimo katika hesabu.

Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliubomoa upande wa mlima. Tope, mawe na magogo vilishuka Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua zaidi ya watu 80, vikafukia nyumba na maduka. Ule ule udongo mweusi unaozishinda mashine sasa una ndani yake mabati, sufuria, baiskeli na vitanda vya watu wenye majina. Mwenye kupita na ditekta chini ya mlima leo, iwe ya mapigo au ya masafa mengi, atasikia metali kwa wingi ambao hakuusikia mwenziwe wa miaka ishirini iliyopita.

Wako watu wa nchi hiyo ambao hawajapata kuhitaji mashine. Miongoni mwa Wadatoga upo ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao kwa desturi hawaoani na koo nyingine, na ambao mikuki na vikuku vya majirani zao wote vimepitia nyundo zao. Upande wa Eyasi, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Mbulu zamani, wahunzi hao huonekana wamechuchumaa mbele ya mivukuto miwili ya ngozi, wakiyeyusha kufuli mbovu na koki za mabomba. Metali huletwa kwao, hupimwa kwa mkono, huingia motoni. Kikuku kikitoka kimepoa huchorwa mistari kwa patasi ndogo, kikasuguliwa, kikavalishwa. Chini ya kalibu, udongo wa pale pale umekuwa mwekundu kuliko wa jirani.